Majina ya mikondo ya sanaa, mawilimawili: yanatofautianaje, na uanzie lipi?

Michelangelo alipomchonga Daudi wake kule Florence, kati ya 1501 na 1504, alimsimamisha kijana aliyetulia. Uzito wa mwili umeegemea mguu mmoja, kombeo limelazwa begani, macho yanatazama mbali. Bernini naye alimchonga Daudi huyohuyo mjini Roma mwaka 1623 na 1624. Wake amejinyonga kiuno, kombeo limevutwa, midomo kaiuma, na jiwe linatoka sasa hivi. Goliathi hayumo katika sanamu ya Bernini, lakini unajua alipo: amesimama nyuma yako.

Ziweke picha za sanamu hizo ubavu kwa ubavu na tayari umeujua Mwamko, mkondo wa Michelangelo, na umeijua Baroko, mkondo wa Bernini, hata kabla ya kusoma fasili yoyote. Mimi niliingia kwa mlango mwingine. Nilishika orodha ya mikondo kwa mpangilio wa karne nikaanza kukariri kutoka juu, na nilipofika katikati nilikuwa na majina kumi na tano kichwani lakini siwezi kuitambua picha hata moja. Kilichonisaidia baadaye ni kuyapanga majina mawilimawili, kila jina na lile linalogombana nalo, au lile ambalo watu hulichanganya nalo. Ndivyo nilivyoyapanga hapa, na kila jozi nitasema inamfaa nani.

Majina yenyewe hayasaidii sana, kwa sababu mengi hayakutungwa na wenyewe. Yalibandikwa na waliochukia. Louis Leroy, mwandishi wa gazeti la kejeli la Le Charivari, ndiye aliyewacheka “waimpreshonisti” mwaka 1874. Louis Vauxcelles, mhakiki mwingine wa Paris, aliwafananisha mchoraji Matisse na wenzake na fauves, yaani wanyama wakali, mwaka 1905, na miaka mitatu baadaye akalalamika kwamba mchoraji Braque anageuza kila kitu kuwa michemraba, na hapo ndipo lilipotoka jina la wakyubisti. Baroko nayo huhusishwa na neno la Kireno la lulu iliyopinda. Ukilisoma jina kama fasili utapotea. Lisome kama lalamiko, kisha uliza: huyu mlalamikaji alikerwa na nini?

Maneno ya kutenganisha kwanza

Anayeanza hutupa kwenye kapu moja maneno ambayo kila moja lina swali lake. Mtu akisema anapenda mandhari, anapenda rangi za maji na anawapenda waimpreshonisti, ametaja mambo ya namna tatu. Mandhari ni aina ya picha; inajibu kilichochorwa. Aina nyingine ni picha ya sura ya mtu, na picha ya vitu vilivyotulia, kama bakuli, chupa na matunda juu ya meza. Rangi za maji ni nyenzo. Zinajibu picha imechorwa kwa kitu gani, kama ilivyo kwa rangi za mafuta, akriliki, mkaa au, kwa wachongaji, marumaru na shaba. Waimpreshonisti ni mkondo: kundi la wasanii wa wakati mmoja, mara nyingi wa mji mmoja, wenye ugomvi wa pamoja na waliowatangulia. Neno la nne ni mtindo, nalo halifi na wakati wake. Leo unaweza kuchora kwa mtindo wa waimpreshonisti. Kujiunga na mkondo wao huwezi, maana onyesho lao la mwisho lilikuwa 1886.

Kwenye rangi, mambo matatu yanatosha kwa kuanzia. Kuna rangi yenyewe: nyekundu, buluu, manjano. Kuna kukolea kwake. Nyekundu ya damu mbichi na nyekundu ya kitambaa kilichopauka zimetofautiana kwa hilo. Na kuna mwanga wake, yaani rangi hiyo ingekaa wapi kati ya nyeupe na nyeusi kama picha isingekuwa na rangi. Hili la tatu ndilo wachoraji hulihangaikia zaidi na ndilo anayeanza hulisahau. Finya macho mpaka picha ififie: unachoendelea kukiona ni mpangilio wa mwanga na giza, na mara nyingi huo ndio uliokuvuta tangu mwanzo.

Mwamko na Baroko

Mwamko, ambao wengine huuita Renesansi, ulishika kasi Italia katika karne ya 15. Swali lake kubwa kwa wachoraji lilikuwa hili: dunia yenye kina inaingiaje kwenye ubao usio na kina? Jibu lilipatikana kwenye kanuni ya mistari inayokutana. Kingo za barabara ndefu iliyonyooka huonekana zikikaribiana hadi zigusane kwenye upeo. Ukipajua mahali mistari hiyo inapokutania, unaweza kupanga kila jengo na kila mtu kwa ukubwa wake. Msanifu majengo Brunelleschi aliifanyia majaribio kanuni hiyo mjini Florence, Masaccio akaitumia kwenye ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella katika miaka ya 1420, na Alberti akaiandikia kitabu mwaka 1435. Kwa hiyo picha ya Mwamko huwa kama dirisha. Wewe uko nje, unachungulia, na huko ndani kila kitu kiko mahali pake. Leonardo akaongeza ukungu. Kwenye Mona Lisa hutaona mstari unaotenga shavu na kivuli chake. Rangi zinafifia moja ndani ya nyingine kama moshi, na Waitalia huiita mbinu hiyo sfumato.

Baroko, ambayo ni ya karne ya 17 hasa, haikuzitupa kanuni hizo. Ilichoka tu kukaa dirishani. Caravaggio, aliyeufungua mlango huo, alimchora mtoza ushuru Mathayo akiitwa na Yesu kwenye picha ya 1599 na 1600, ambayo hadi leo iko katika kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma. Chumba ni giza. Mwanga unaingia kutoka upande mmoja, unapita juu ya meza na kuangukia nyuso, na kila kisichohitajika kimemezwa. Ugomvi huo wa mwanga na kivuli huitwa kiaroskuro. Watu wa Mwamko walikuwa wakiutumia kwa upole; Caravaggio aliukoleza mpaka picha ikawa jukwaa.

Ukipenda hesabu, utulivu na uso usiosema kila kitu, anza na Mwamko. Ukipenda picha ikukamate shati, Baroko. Mimi ni wa Bernini, sifichi.

Ulimbwende na uhalisia

Aliyewahi kusoma fasihi kwa Kiswahili ameshakutana na maneno haya mawili, na ndiyo maana nayapitia upesi. Ulimbwende, wa mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, uliipa hisia nafasi ya mbele: dhoruba, magofu, mapinduzi. Delacroix alipochora mapinduzi ya Julai 1830 mjini Paris, aliyeshika bendera juu ya miili ya waliouawa ni Uhuru mwenyewe katika umbo la mwanamke. Courbet hakutaka mambo hayo. Katika onyesho rasmi la sanaa la Paris la 1850 na 1851 alitundika picha ya mazishi ya kawaida katika mji wake mdogo wa Ornans, watu waliochoka wakilizunguka kaburi.

Waliokerwa walikerwa na nini? Na ukubwa. Turubai ya zaidi ya mita 3 kwa mita 6 ilikuwa ya wafalme, watakatifu na vita mashuhuri. Courbet aliijaza watu wa kawaida. Mwaka 1855, kazi zake kubwa zilipokataliwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, alijijengea banda lake mwenyewe jirani na hapo na kulipa jina la Uhalisia.

Hapo ndipo neno linapowaponza watu. Mtu akisema picha ya paka “ni ya uhalisia” kwa sababu manyoya yanahesabika, anatumia maana ya kila siku, yaani kufanana. Uhalisia kama mkondo ulihusu nani anastahili kuchorwa. Leonardo alichora watu wanaokaribia kupumua, ila hakuwa mhalisia hata siku moja.

Waimpreshonisti na waekspreshonisti

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na si ajabu, maana majina yanapishana kwa sauti chache tu. Rudi kwenye mizizi ya Kilatini. La kwanza linatokana na kugandamiza, kama muhuri unavyoacha alama kwenye nta: kitu cha nje kinaingia. La pili linatokana na kukamua: kitu cha ndani kinatoka.

Aprili 1874, wasanii wapatao 30 waliochoshwa na waamuzi wa onyesho rasmi walionyesha kazi zao Paris, katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpigapicha Nadar. Claude Monet alipeleka bandari ya Le Havre alfajiri, aliyoichora 1872: maji ya kijivu, mashua kama vivuli, na duara moja la rangi ya chungwa. Aliiita Impression, soleil levant, kwa maana ya jua linalochomoza kama lilivyoligonga jicho mara moja. Leroy akalidaka neno hilo. Aliandika kwa dhihaka kwamba karatasi ya kubandika ukutani iliyoanza tu kutengenezwa imekamilika kuliko picha hiyo.

Kwa hiyo alikerwa na kutokamilika. Picha ya heshima wakati huo haikutakiwa kuonyesha alama za brashi, kama vile samani nzuri isivyoonyesha misumari. Monet aliziacha wazi kwa sababu alichokuwa anakichora hakikuwa bandari. Kilikuwa mwanga wa dakika ile, na mwanga hausubiri rangi ikauke. Kulikuwa na sababu ya kiufundi pia. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alisajili tyubu ya bati ya kuwekea rangi. Kabla ya hapo rangi za mafuta zilifungwa kwenye vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka na, vikishatobolewa, rangi ilikauka. Baada ya tyubu, mchoraji aliweza kubeba rangi zake zote, akakaa kando ya mto siku nzima na kuimalizia picha hukohuko.

Ukitaka kumtambua mwimpreshonisti, nenda kwenye vivuli. Nyeusi waliikwepa. Kivuli juu ya theluji ni buluu, chini ya mti ni zambarau, kwenye gauni jeupe ni vipande vya kijani vilivyorushwa kutoka kwenye majani. Berthe Morisot, mmoja wa waanzilishi walioshiriki 1874, ni hodari mno kwa hilo. Nyeupe yake ina kila rangi isipokuwa nyeupe. Monet alikwenda mbali zaidi na kuchora uso wa kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara 30 kati ya 1892 na 1894. Jiwe ni lilelile, ila ni asubuhi, ni adhuhuri, ni ukungu, ni jua linatua. Ukiziona tano sita pamoja unang'amua kwamba kanisa alilitumia kama ukuta wa kunasia mwanga tu.

Mwekspreshonisti hana haja na saa ngapi. Edvard Munch, Mnorwei, alichora mwaka 1893 mtu aliyejishika kichwa kwenye daraja, chini ya mbingu nyekundu inayojiviringisha. Machweo hayawi hivyo. Hofu ndiyo iliyo hivyo. Munch alitangulia, kundi lenyewe lilizaliwa Dresden, Ujerumani, Juni 1905, wanafunzi wanne wa usanifu wa majengo, Ernst Ludwig Kirchner akiwa mmoja wao, walipoanzisha Die Brücke, yaani Daraja. Mistari yao ina pembe kali kana kwamba imekatwa kwa kisu, na kweli walichonga mbao kwa wingi ili kuchapa picha kutokana nazo. Watembea barabarani wa Kirchner wana nyuso za kijani na manjano, wamebanana na hakuna anayemtazama mwenzake. Munich, 1911, Kandinsky na Franz Marc wakaanzisha kundi la pili, Der Blaue Reiter, lenye moyo mpole zaidi. Farasi wa Marc ni wa buluu, na ukikaa nao kidogo unaacha kuuliza kwa nini.

Mwaka 1937 utawala wa Nazi ulikusanya kazi zipatazo 650, nyingi zikiwa za watu hawa, na kuzitundika Munich kama “sanaa iliyopotoka” ili umma uzizomee. Watu zaidi ya milioni 2 walikwenda kuziona. Siamini kwamba wote walikwenda kuzomea.

Kipimo ninachokitumia mimi ni swali moja: rangi hii ya ajabu imetoka wapi? Ikiwa unaweza kuieleza kwa hali ya hewa, uko kwa waimpreshonisti. Ikiwa maelezo pekee ni hali ya mtu, uko kwa waekspreshonisti.

Na Van Gogh? Huulizwa kila mara. Rangi angavu alijifunza kwa waimpreshonisti alipofika Paris mwaka 1886, lakini ule usiku wa nyota zinazozunguka, aliouchora 1889, hauelezeki kwa hali ya hewa ya popote. Vitabu humweka kwenye kundi la waliokuja baada ya waimpreshonisti, jina ambalo Mwingereza Roger Fry alilitunga mwaka 1910, miaka 20 baada ya Van Gogh kufa. Mimi huliona hilo kuwa jina la kabati. Ndani yake wamewekwa Van Gogh, Cézanne na Gauguin, watu watatu ambao picha zao hazifanani hata kidogo.

Anayetaka kujifunza kutazama rangi aanze na Monet au Morisot. Anayechoka na maua na mito mapema (nao wapo wengi, wala si kosa) aende moja kwa moja kwa Kirchner.

Wakyubisti na wafyucharisti

Wote walivunja vitu vipande, kwa hiyo kwa mbali wanafanana. Cha kuuliza ni nani anayetembea. Kwa wakyubisti kitu kimetulia, na wewe ndiye unayekizunguka: gitaa linaonekana kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu kwa mpigo mmoja. Kwa wafyucharisti wewe umesimama, na kitu ndicho kinachopita mbele yako.

Picasso na Braque waliujenga ukyubisti Paris kuanzia 1908 hivi, juu ya meza ndogo zenye chupa, gazeti na ala za muziki. Picha zao za mwanzo ni za kahawia na kijivu kwa makusudi. Rangi kali ingevuruga hesabu ya maumbo. Mwaka 1907 Picasso alikuwa amekwenda kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro na kukutana na vinyago vya Afrika, na mwaka huohuo akamaliza picha kubwa ya wanawake watano, wawili wakiwa na nyuso kama vinyago. Wachongaji wa vinyago hivyo majina yao hayakuandikwa. Ila jambo ambalo Paris ililipokea kama jipya, kwamba uso unaweza kujengwa kwa maumbo badala ya kunakiliwa, wao walikuwa nalo siku nyingi. Kisha 1912 Picasso akabandika kwenye turubai kipande cha kitambaa cha meza kilichochapwa mfano wa ususi wa kiti. Hiyo ndiyo kolaji, na ni neno moja la kyubisti ambalo kila mtoto aliyewahi kushika gundi na mkasi analielewa kwa vitendo.

Ufyucharisti ulianzia kwenye maandishi: ilani ya Mwitalia Marinetti katika gazeti la Le Figaro, tarehe 20 Februari 1909, iliyosifu kasi, mashine na hata vita, na kutaka majumba ya makumbusho yabomolewe. Picha nzuri kuliko ilani hiyo ni ya Giacomo Balla ya 1912, kijibwa kinachotembezwa kwa mnyororo, miguu yake mifupi ikiwa ishirini kwa wingi wa mwendo. Boccioni, mchongaji hodari wa kundi hilo la wapenda magari, alikufa 1916 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi jeshini.

Kati ya hizi mbili ningemshauri anayeanza aende kwanza kwa kijibwa cha Balla, acheke, kisha arudi kwa Braque na subira.

Dada na usurealisti

Hakuna dada wa mtu hapa. Dada ni jina la mkondo, nalo lilichaguliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1916, na mojawapo ya sifa zake ni kwamba halikuwa na maana moja: kwa Kifaransa ni farasi wa mbao wa kuchezea, kwa Kiromania ni “ndiyo, ndiyo”. Wangejua Kiswahili wangefurahi kuongeza ya tatu. Waliokutana kwenye Cabaret Voltaire wengi walikuwa wamekimbia vita. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kama akili timamu ndiyo iliyowapeleka vijana kwenye mahandaki, basi sisi tutakaa upande wa upuuzi.

Mwaka uliofuata, New York, Marcel Duchamp alipeleka kwenye onyesho chombo cha kukojolea cha kaure, kilicholazwa na kutiwa saini “R. Mutt”. Waandaaji walikuwa wameahidi kuonyesha kazi ya yeyote aliyelipa ada. Hiki hawakukionyesha. Chenyewe kilipotea, na vilivyopo kwenye makumbusho leo ni nakala zilizotengenezwa baadaye kwa idhini yake. Watu hubishana kama kile ni kizuri. Duchamp alikuwa anauliza nani mwenye mamlaka ya kusema hiki ni sanaa, na miaka zaidi ya 100 baadaye bado hatujamjibu.

André Breton alitoa ilani ya usurealisti Paris mwaka 1924. Alikuwa amesomea udaktari, akahudumia askari waliovurugwa akili na vita, na akamsoma Freud, daktari aliyezichambua ndoto. Dada ilibomoa, yeye alitaka kujenga kwa malighafi ya ndoto. Wafuasi wake walikwenda njia mbili. Wengine, kama Miró na Masson, waliuacha mkono utembee bila kuamriwa. Wengine, kama Dalí na Magritte, walichora visivyowezekana kwa usafi wa picha ya kitambulisho: saa zinazoyeyuka (1931), au kiko kilichochorwa barabara na chini yake maandishi yanayosema hiki si kiko (1929). Na kweli si kiko. Jaribu kukitia tumbaku.

Kitu cha kawaida kikiitwa sanaa ili kukuudhi, hiyo inanuka Dada. Kitu kisichowezekana kikichorwa kana kwamba ni cha kila siku, huo ni usurealisti. Kwa mtu anayesema hana jicho la sanaa, Magritte ndiye mlango rahisi kuliko yote, kwa sababu anachezea wazo, na wazo halihitaji mafunzo ya rangi.

Dhahania ya namna mbili

“Hata mtoto angechora hii.” Anayesema hivyo kwa kawaida amesimama mbele ya sanaa dhahania, ile isiyoonyesha vitu kama tunavyoviona, na hajui kuwa zipo za namna mbili. Ya kwanza inaanza na kitu halisi na kukipunguza. Mondrian alichora miti kati ya 1908 na 1912: wa kwanza mwekundu na wenye matawi ya kweli, wa baadaye kijivu na matawi yaliyopinda kama pinde, na wa mwisho karibu ni mistari mitupu. Zipange kwa mfuatano na utauona mti ukiondoka kidogokidogo. Ya pili haianzi na kitu chochote. Malevich, Urusi, 1915, alitundika mraba mweusi kwenye kona ya juu ya chumba, mahali ambapo nyumba za Kirusi huweka picha takatifu. Hapo hakuna kitu kilichosawiriwa, kwa hiyo ukiuliza “hii ni nini?” umeuliza swali la picha nyingine.

Mgawanyiko mwingine ulitokea New York baada ya vita vya pili vya dunia. Pollock, hasa kati ya 1947 na 1950, alitandaza turubai sakafuni na kudondoshea rangi huku akitembea kuizunguka. Unachokiona ni njia ya mkono wake. Rothko alipaka mistatili mikubwa yenye kingo laini na alitaka usimame karibu nayo, rangi ikujae machoni. Wa kwanza anakuonyesha alichokifanya, wa pili anasubiri wewe ufanyikiwe jambo. Usiwatazame siku moja.

“Ya kisasa” na ya leo

Hili ni tatizo letu wenyewe, la lugha. Tunapotafsiri tunasema “sanaa ya kisasa” kwa vitu viwili: kipindi cha miaka ya 1860 hadi 1960 hivi, kilichowabeba Monet, Picasso na Rothko, na sanaa inayotengenezwa sasa hivi na watu walio hai. Napendekeza cha kwanza kiitwe sanaa ya usasa na cha pili sanaa ya leo. Mpaka wake hauna uzio. Warhol alipoonyesha Los Angeles mwaka 1962 picha 32 za makopo ya supu, moja kwa kila aina iliyokuwa ikiuzwa, alikuwa na mguu mmoja huku na mwingine huko: bado anapaka rangi kwenye turubai, ila kinachobishaniwa tena ni kile cha Duchamp. Anayevutwa na sanaa ya leo asianze na ya leo. Aanze na hicho chombo cha kaure.

Kabla hujachagua jozi yako

Angalia vipimo. Saa za Dalí zinazoyeyuka ni sentimita 24 kwa 33. Mazishi ya Courbet yanazidi mita 6 kwa upana. Daudi wa Michelangelo ana zaidi ya mita 5 na yule wa Bernini ana urefu wa mtu, ndiyo maana mmoja unamtazama kama mnara na mwingine unamkwepa. Kwenye simu wote wanatoshana, na nusu ya ugomvi niliousimulia hapa inapotea. Majumba kama Rijksmuseum la Amsterdam na Metropolitan la New York yameweka bure mtandaoni picha nyingi za kazi zao, kubwa kiasi cha kuona alama za brashi, na kila moja ina vipimo vyake. Chukua kamba, pima urefu na upana ukutani, weka alama kwenye pembe nne. Kisha rudi nyuma hatua tatu, ndipo uifungue picha.